Ulimwengu wa Mtu Una Upana Gani?

Yasomwe kwanza: Zaburi ya 8, Ayubu 38:31-38, Luka 10:25-37.

Neno hili "ulimwengu" katika lugha yetu lina maana mbili, nasi huzichanganya kila siku pasipo taabu. Mzee akisema ya kuwa ulimwengu umeharibika, hasemi habari za jua na nyota. Asema habari za majirani zake, na bei ya mahindi, na vijana wasioamkia. Lakini mwalimu wa shule atajapo ulimwengu, ataka kusema vitu vyote vilivyoumbwa, hata vile visivyofikiwa na jicho. Katika somo hili twataka kuziweka maana hizi mbili mahali pamoja, tukauliza: kila mtu anao ulimwengu wake akaao ndani yake, je, upana wake ni kadiri gani, nao wapimwa kwa kipimo gani?

Swali hili hatukulitunga sisi. Waalimu wa mitaa wametuletea, kwa kuwa vijana wa kipaimara huwauliza: ikiwa mbingu ni kubwa namna hii tunavyofundishwa shuleni, Mungu atawezaje kuwa na habari ya mtu mmoja wa kijiji hiki? Ni swali jema, wala kijana asikemewe kwa kuliuliza. Mtunga Zaburi naye aliliuliza, naye hakuwa na darubini.

Kwanza na tupime, maana wengi husema "mbingu ni kubwa" pasipo kujua wasemalo. Chukueni punje moja ya ulezi, mkaiweke chini karibu na madhabahu. Punje hiyo na iwe dunia yetu yote, pamoja na bahari na milima yake. Mwezi utakuwa chembe ya mchanga iliyo mbali na punje kadiri ya upana wa vidole vitatu. Watu 24 waliokwenda huko kati ya 1968 na 1972, ambao 12 kati yao walikanyaga mwezi kwa miguu yao, walivuka vidole vitatu hivyo. Jua litakuwa boga dogo, upana wake sentimita 16, nalo liwekwe mbali kadiri ya hatua ishirini na tano. Katika makanisa yetu mengi hapo ni penye mlango mkubwa. Na nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua, tutaiweka wapi? Si nje ya mlango, wala si mjini. Kama kanisa letu liko Moshi, nyota ile itakuwa karibu na Athene, mji ule Mtume Paulo alikohubiri, yapata kilomita 4,700, na katikati hapana karibu kitu. Hiyo ni jirani. Na katika lile wingu jeupe lipitalo angani usiku, ambalo vitabu huliita Njia Nyeupe, nyota za namna hiyo ni zaidi ya bilioni 100.

Mtu akiisha kusikia hayo huona moja katika mambo mawili. Ama huogopa, akajiona si kitu. Ama hupiga miayo, akaenda zake kumwagilia migomba, kwa kuwa hesabu hizi hazimpunguzii wala kumwongezea. Nasi twadhani ya kuwa wote wawili wameupima ulimwengu wao kwa kipimo kisichofaa. Mwenye kuogopa adhani ya kuwa kikubwa ndicho chenye thamani. Mwenye kupiga miayo adhani ya kuwa kilicho chake ndicho kilichopo.

Tutoe mfano wa huku kwetu. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen katika Württemberg huko Ujerumani, aliyekuwa katika kazi ya Church Missionary Society ya Uingereza, alikuwa safarini kwa miguu kutoka Rabai kwenda Uchaga, akaona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita baridi tu. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, alikitambua. Habari zake zikapigwa chapa London mwaka 1849. Basi huko London alikuwako bwana mmoja, William Desborough Cooley, mjuzi wa jiografia, aliyekuwa amechunguza vitabu vya Waarabu na vya Wareno juu ya nchi za Afrika. Tusimdharau, maarifa yake yalikuwa mengi kweli. Lakini hakufika huku, naye alikataa kabisa: theluji karibu na ikweta haiwezekani, macho ya mmisionari yamemdanganya. Mwaka 1861, na tena 1862, Baron Karl Klaus von der Decken akaja na wenziwe wenye vipimo, wakaukwea mlima sehemu yake, wakashuhudia theluji. Walakini Cooley hakukubali.

(Theluji yenyewe, tuseme kwa kupita, imepungua sana. Tangu 1912 hata 2011 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima ule ilitoweka. Watoto wetu huenda wakahitaji kuamini kwa maneno yetu kama London ilivyohitaji kuamini kwa maneno ya Rebmann.)

Mtu husema upesi: kosa la Cooley lilikuwa kukaa chumbani, angalisafiri, ulimwengu wake ungalipanuka. Sisi hatusadiki ya kuwa ndivyo. Tumewaona watu waliofika Ulaya na Marekani wakarudi na ulimwengu uleule waliokwenda nao, umeongezwa picha tu. Tena Rebmann mwenyewe, baada ya safari zake tatu za Uchaga, alikaa miaka mingi pale Rabai karibu bila kutoka. Aliondoka Afrika mwaka 1875, hali amekuwa kipofu. Na katika kukaa huko aliandika kamusi ya lugha ya Kinyasa, lugha ya nchi ambayo hakuikanyaga, akiipokea neno kwa neno kinywani mwa mtumwa mmoja aitwaye Salimini. Kamusi ile ilipigwa chapa mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufariki. Waza jambo hilo: mtu aliyenyakuliwa kwao akauzwa pwani, ambaye watu wengine walimhesabu kama mali, kwake Rebmann alikuwa mlango wa nchi nzima. Cooley alikuwa na vitabu vingi kuliko Rebmann, lakini hakumwachia mtu mwingine nafasi ya kumwambia neno ambalo yeye hakulijua.

Ikiwa mnataka ushahidi zaidi ya kwamba kiti si kosa, mtazameni Henrietta Leavitt wa Marekani. Alikuwa binti wa mchungaji, naye masikio yake yaliharibika hata akawa kiziwi. Alifanya kazi katika nyumba ya falaki ya Harvard, kazi ya kukaa mezani na kuchunguza picha za nyota zilizopigwa kwenye vioo. Picha zenyewe zilipigwa na wengine huko Peru. Wanawake wa kazi hiyo walilipwa kidogo, wala hawakuachiwa darubini. Katika picha hizo yalikuwamo mawingu mawili madogo ya nyota yaonekanayo upande wa kusini, ambayo sisi wa nchi hizi twaweza kuyaona kwa macho matupu mahali pasipo taa. Mle ndani Leavitt aliona nyota ambazo nuru yake huongezeka na kupungua kwa zamu. Na mwaka 1912 alionyesha ya kuwa nyota yenye zamu ndefu ndiyo yenye nuru nyingi zaidi. Laonekana neno dogo. Lakini mtu akijua taa ina nguvu gani kwa asili yake, ataweza kukisia iko mbali kadiri gani kwa jinsi ionekanavyo hafifu. Kwa fimbo hiyo ya kupimia Edwin Hubble, katika miaka ya 1923 na 1924, alipima lile wingu liitwalo Andromeda, ikajulikana ya kuwa si wingu lililo ndani ya Njia Nyeupe, bali ni kundi jingine la nyota lililo nje kabisa. Leo hesabu husema nuru yake huchukua miaka milioni 2.5 kutufikia. Hata siku hizo wajuzi wengine walidhani ya kuwa Njia Nyeupe ndiyo ulimwengu wote. Leavitt alikuwa amefariki mwaka 1921. Basi mwanamke kiziwi, mezani pake, alivunja ukuta wa ulimwengu, kwa sababu alivikubali vioo vimfundishe.

Sasa twaja kwenye habari ambayo kwa ajili yake hasa tumeandika somo hili, nayo yamhusu Johannes Kepler. Huyu ni ndugu yetu katika imani. Alizaliwa mwaka 1571 huko Weil der Stadt, si mbali na Gerlingen alikozaliwa Rebmann, akasoma Tübingen akikusudia kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 alitumwa Graz kufundisha hesabu. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utoto kwa ajili ya ndui. Ndiye aliyegundua ya kuwa sayari hazizunguki jua kwa njia ya duara kamili bali kwa njia iliyorefuka kidogo, akayaandika hayo mwaka 1609. Naye pia aliogopa ukubwa: katika kitabu chake cha 1606 aliandika ya kuwa wazo la ulimwengu usio na mwisho lamtia hofu, maana mtu angekuwa kama apotevuye mahali pasipo na katikati wala mpaka. Vijana wetu wa kipaimara wana mwenzi mwema katika hofu yao.

Mamaye aliitwa Katharina. Hakujua kusoma. Mumewe alikwenda vitani asirudi, naye akakaa Leonberg akiwalea watoto, akijua majani ya dawa, tena akiwa na ulimi mkali. Mwaka 1577 nyota kubwa yenye mkia ilionekana, nayo iliwatisha wengi. Katharina alimchukua mwanawe, mtoto wa miaka mitano, akampeleka mahali palipoinuka amwonyeshe. Kepler hakulisahau jambo hilo maisha yake yote.

Mwaka 1615 mwanamke mmoja wa Leonberg, aliyekuwa mgonjwa, alisema ya kuwa Katharina alimnywesha kinywaji kichungu akamroga. Neno likaenea kama moto wa nyasi. Mwalimu wa shule aliyelemaa akakumbuka ya kuwa naye alikunywa nyumbani kwake. Mwingine akakumbuka mnyama wake aliyekufa. Agosti 1620 walimkamata usiku katika nyumba ya mkwewe, ambaye alikuwa mchungaji, wakamtoa amefungiwa ndani ya sanduku. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Akakaa kifungoni miezi kumi na minne, katika minyororo.

Kepler wakati huo alikuwa Linz, mwanafalaki wa Kaisari, na katika miaka hiyohiyo alitoa kitabu chake juu ya ulinganifu wa mwendo wa sayari. Aliacha kazi, akasafiri akamtetee. Nasi twawaomba waalimu watazame sana jinsi alivyofanya. Hakusimama kuhubiri ya kuwa uchawi haupo. Kwa kweli hakusema hivyo kamwe. Alilichukua kila shitaka peke yake, kama alivyochukua kila usiku wa nyota peke yake, akauliza: lilitendeka lini? nani aliliona? je, haiko sababu nyingine? Akaonyesha ya kuwa yule mwalimu wa shule aliumia aliporuka mtaro hali amebeba mzigo. Akaonyesha ya kuwa mshitaki aliugua kwa dawa alizokuwa amekunywa zamani. Alionyesha pia ya kuwa wanawake wazee husingiziwa kwa sababu ni wazee. Septemba 1621 walimpeleka mama yule mbele ya vyombo vya kutesea, wakamwonyesha kimoja kimoja ili aungame kwa hofu. Akasema hana la kuungama. Wakamfungua. Alifariki Aprili 1622.

Mtu aliyezipima njia za Mirihi ilimpasa kuzipima habari za kinywaji na mtaro katika mji mdogo. Na kipimo kilikuwa kilekile. Leonberg ulikuwa mji wa Wakristo, Walutheri, wenye kwenda ibada kila Jumapili. Ulimwengu wao haukuwa mdogo kwa sababu hawakujua habari za sayari. Katharina naye hakuzijua. Ulikuwa mdogo kwa sababu kila jambo baya lililotukia ndani yake ilikuwa lazima mtendaji wake apatikane ndani ya ua uleule. Pasipo nafasi ya mtaro, wala ya dawa mbaya, wala ya ugonjwa ambao sababu yake bado haijajulikana, husalia jirani tu.

Tena tusijisifu sisi wenye mafundisho. Huko Linz wachungaji wetu wenyewe walikuwa wamemzuia Kepler asishiriki Meza ya Bwana, kwa kuwa hakukubali kutia sahihi bila kuacha neno katika maungamo ya 1577, mwaka uleule wa nyota yenye mkia. Maungamo ni mema, nasi twayashika. Lakini hukumu ile twaiona kuwa ya watu ambao ua wao ulikuwa umesogea karibu mno.

Katika nchi yetu ya Tanzania, hasa upande wa Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi, kwa kuwapikia watoto wao na wajukuu miaka hamsini. Wala jambo hili si la upande mmoja tu. Katika usharika mmoja tuliotumikia, ambao hatutautaja, mtoto wa miaka mitatu alifariki kwa homa. Watu wakakumbuka ya kuwa bibi mmoja mjane alimpa ndizi mbivu. Jumapili iliyofuata alipoketi, wanawake wa benchi lile waliondoka mmoja mmoja kwa adabu, kila mtu na udhuru wake, hata akabaki peke yake. Na penye Chakula cha Bwana walipita upande wa pili.

Sisi na wazee wa kanisa tulikaa jioni nne, na wazazi wakiwapo, tukauliza mambo madogo. Homa ilianza siku gani? Jumatatu. Ndizi ilitolewa siku gani? Watu watatu walisema Alhamisi, siku ya soko. Kadi ya zahanati ilisema malaria, na tarehe yake ilikuwa ya Ijumaa. Basi siku nne zilikuwa zimepita nyumbani, nauli ikitafutwa. Neno la nauli lilikuwa gumu kuliko yote, maana ni rahisi kwa baba kumchukia bibi kizee kuliko kuzikumbuka siku nne zile. Mamaye mtoto alilia, kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwa yule bibi. Baba humsalimu sasa, lakini nyumba ile haingii. Ndivyo mambo yalivyo hata leo.

Dkt. Martin Luther, katika maelezo yake ya Amri ya nane ndani ya Katekisimo Ndogo, atufundisha ya kuwa haitoshi kutomsingizia jirani. Yatupasa kumtetea na kuyaelekeza mambo yake upande ulio mwema. Watoto wetu huyakariri hayo kwa moyo. Luther hakuwa na habari ya Andromeda, wala hakukubali ya kuwa dunia ndiyo iendayo. Lakini mtu aishikaye amri ile anayo nafasi ndani yake ambayo mjuzi wa falaki aweza kuikosa. Na kijana aulizaye kama Mungu aweza kuwa na habari naye, ajibiwe hivi: wewe ndiwe unayehesabu kikubwa kuwa cha thamani, Mungu aliyeziumba nyota hakuchagua iliyo kubwa azaliwe huko, alichagua Bethlehemu, kijiji, na zizi. Kama mbingu zote hazikumfanya aione punje ya ulezi kuwa ndogo mno, wewe usimwone bibi wa benchi la nyuma kuwa mdogo mno hata usimwulize habari yake.

Mwezi wa Novemba, usiku usio na mbalamwezi, kama saa mbili au saa tatu, waalimu wawatoe wanafunzi wa kipaimara nje ya kanisa, taa zote zizimwe, simu zao pia, na wangoje robo saa macho yazoee giza. Upande wa kaskazini, kadiri ya nusu ya njia kutoka upeo hata utosini, wataona doa hafifu kama pumzi juu ya kioo; hiyo ni Andromeda, na watoto wenye macho mema huiona mapema kuliko mwalimu. Upande wa mashariki kitakuwa kimekwisha kupanda Kilimia, kile kitajwacho katika kitabu cha Ayubu. Nuru yake huchukua yapata miaka 440, yaani waionayo usiku huo ilianza safari Kepler akiwa bado mtoto. Yale mawingu mawili ya Leavitt yangojewe mwezi wa Januari, upande wa kusini. Nao wazee wa mtaa waalikwe, kwa kuwa wengi wanayo majina ya nyota ambayo hayajaandikwa, na habari za kulima zilizofuata Kilimia. Kama yuko bibi asiyetoka usiku kwa sababu haalikwi na mtu, aendewe nyumbani kwake, na apewe kiti.